Tabo ya mtumba kwenye Land Cruiser: bei ya mezani si gharama ya kazi

WENYE magari ya dizeli aina ya Land Cruiser yaliyotengenezwa miaka ya 1990 wamekuwa wakivutiwa na biashara moja ambayo kwa mtazamo wa haraka haina hasara. Mtu ananunua tabo iliyong'olewa kwenye gari lililokufa, anaifunga kwenye injini ambayo kiwandani haikuwekewa, kisha anatarajia gari linalopanda mlima kama jipya.

Tabochaja, ambayo mafundi huiita tabo tu, hupatikana kwenye meza za spea za mtumba kuanzia Ilala, Dar es Salaam, hadi Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa upande wa Tanzania, spea za aina hiyo zilipata njia baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Bei hupatanwa, na muuzaji akiona mteja anaondoka hushuka. Hata hivyo, fedha inayoachwa pale mezani ni sehemu ndogo ya hesabu.

Kwanza ieleweke tabo inafanya nini. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo. Feni hiyo iko kwenye mhimili mmoja na feni ya pili, ambayo huvuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918, huko Marekani, mhandisi Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, akaonyesha kwamba tabo inaweza kuirudishia injini nguvu inayonyang'anywa na hewa nyepesi ya juu.

Jambo hilo la mlima ndilo linalomhusu mfanyabiashara wa Kaskazini. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika takribani mita 2,300. Pale ukingoni injini isiyo na tabo hupata kama robo tatu tu ya hewa ambayo ingepata Tanga au Dar es Salaam. Dizeli inayoingia haipungui kwa kiasi hicho hicho, hivyo sehemu yake haiungui vizuri. Ndiyo maana gari linalopanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu likiwa na watalii saba na mizigo hutoa moshi mweusi, na dereva hulazimika kurudi gia ya pili.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Tabo haileti nguvu, inaleta hewa. Nguvu inatoka kwenye dizeli. Mwenye gari akifunga tabo na kuiacha pampu ya dizeli ilivyokuwa, hewa iliyoongezeka inaunguza ile dizeli iliyokuwa ikitoka kama moshi, na gari la milimani linarudishiwa kile lilichokuwa limepoteza. Kwa kipimo kile kile cha upepo wa tairi, psi 4 hivi zinatosha kurudisha pale ukingoni hewa ya usawa wa bahari. Ongezeko hilo ni la kiasi, na kwa injini nzima halina madhara makubwa.

Lakini mteja aliyelipia tabo hataki ongezeko la kiasi. Anamwambia fundi akaze pampu, dizeli iongezeke. Gari linaruka kweli, na wiki ya kwanza kila mtu gereji anasifiwa. Joto la moshi nalo linapanda, na injini iliyo chini ya boneti haikutengenezwa kwa joto hilo.

Mfano mzuri ni injini ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutoka mwaka 1990 na ambayo imejaa kwenye magari ya safari na ya mashirika ya misaada. Nguvu yake ni farasi 130 hivi. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza ndugu yake, 1HD-T, yenye ujazo ule ule lakini iliyokuja na tabo tangu kuzaliwa, na nguvu yake ni farasi 160 hivi. Mtu akiziona pamoja anaweza kudhani tofauti ni tabo tu. Sivyo. Kwenye 1HZ dizeli huwaka kwanza katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na injini hubana hewa kwa uwiano wa 22.4 kwa 1. Kwenye 1HD-T dizeli hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni na uwiano umeshushwa hadi 18.6 kwa 1, ili tabo ipate nafasi. Ukiisukumia 1HZ hewa na dizeli nyingi, joto hukusanyika kwenye vile vyumba vidogo, na silinda hedi hupasuka karibu na valvu. Ugonjwa huo unajulikana na mafundi wa injini hii popote duniani. Waangalifu hawavuki psi 7 au 8, na hawakubali kugusa pampu kabla ya kufunga geji ya kupima joto la moshi. Wengi hawaruhusu nyuzi 700 za Selsiasi.

Geji hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho wateja hukikata kwenye bajeti. Ni ubahili wa ajabu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya dereva kujua kwamba silinda hedi inaungua.

Kuhusu tabo yenyewe, mnunuzi asiridhike na kuona inazunguka ikipulizwa. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Aushike kwa vidole: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini ukisogea mbele na nyuma, au feni ikigusa ukuta, airudishe mezani. Aangalie ncha za feni kama zimemeguka, na ndani ya upande wa hewa kama kuna oili nyingi. Sili ikikatika gari likiwa barabarani, injini ya dizeli inaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe na kukimbia hata swichi ikizimwa. Ukubwa nao ni muhimu. Tabo ya CT20, iliyotoka kwenye injini ndogo ya lita 2.4, hukaba lita 4.2, CT26 iliyotoka kwenye 1HD-T ndiyo inayoelekeana nayo, na ni vizuri inunuliwe pamoja na manifodi na mabomba yake ya oili. Mabomba yakitafutwa baadaye moja moja, faida ya bei ya mtumba huisha.

Baada ya hapo yanakuja mengine: eksozi pana zaidi, kichujio cha hewa, klachi ambayo huenda isistahimili, rejeta iliyoziba ambayo zamani ilikuwa ikivumilika. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na dereva afundishwe kuiacha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Kampuni ya bima nayo ielezwe.

Sasa daftari. Tuseme gari huingiza Sh 200,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Likikaa gereji siku 14 msimu wa watalii, Sh 2,800,000 zimepotea kabla gasketi moja haijanunuliwa. Faida iko wapi? Kwa mwenye gari la utalii safari ni ile ile moja kwa siku, hivyo nusu saa iliyookolewa mlimani haiongezi risiti hata moja. Kwa anayepandisha vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu hesabu inaweza kuwa tofauti, iwapo kasi hiyo inampa safari ya pili kabla ya giza. Kama haimpi, amenunua starehe.

Aidha, gari nyingi zinazodaiwa kukosa nguvu zimechoka tu. Kupima kompresheni, kuhudumia nozeli na kubadilisha kichujio cha hewa ni kazi ya siku mbili, na ifanyike kwanza, kwani tabo kwenye injini iliyolika huharakisha mwisho wake. Anayehitaji nguvu kweli kila siku alinganishe jumla yote hiyo na bei ya injini kamili ya 1HD-T ya mtumba. Akishaweka kwenye mizani eksozi, klachi, geji na siku za gereji, tofauti huwa ndogo kuliko alivyotegemea, na siku ya kuuza gari, mnunuzi anayefungua boneti akakuta 1HZ yenye tabo ya kubandika huanza kwa kuuliza pampu ilikazwa na nani.