Chama ao raia? Mtego unaowakamata wabunge wa majimbo

Barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Bukavu, Uvira na Kalemie, haiulizi dereva kadi ya chama. Lori la mpinzani na lori la mfuasi wa chama tawala yanakwama katika matope yale yale. Lakini ndani ya mabunge ya majimbo, ambako bajeti inapigiwa kura na gavana anahojiwa, kadi hiyo ina uzito. Mbunge wa jimbo anajikuta katikati: kutii chama kilichomweka kwenye orodha, ao kushikana mikono na mwenzake wa upande mwingine kwa faida ya raia.

Katiba ya Februari 18, 2006 yenyewe inamvuta pande zote mbili. Kifungu cha 101 kinakataza mbunge kufungwa na amri ya mtu mwingine katika kazi yake. Kifungu cha 110 nacho kinasema kwamba anayekihama chama chake kwa makusudi, muhula ukiendelea, anahesabiwa kuwa ameacha kiti alichokipata kupitia chama hicho. Kifungu cha 197 kinapeleka kanuni hizo hadi kwenye mabunge ya majimbo. Maana yake ni wazi: kuhama chama kunagharimu kiti, lakini kupiga kura pamoja na upande mwingine si kosa. Hata hivyo, vyama vingi huita mambo yote mawili usaliti.

Hofu ya vyama ina historia. Machi 2019, wabunge wa majimbo walipochagua maseneta, UDPS ya Rais Félix Tshisekedi ilipata viti vichache sana, huku FCC ya Joseph Kabila ikijizolea vingi. Wafuasi wa UDPS waliingia barabarani Kinshasa na Mbuji-Mayi, wakiwashutumu wabunge wao kwamba wameuza kura. Rais alisimamisha kwa muda kuwekwa kwa maseneta hao. Tangu hapo, kura inayovuka mpaka wa chama imebaki na harufu ya bahasha.

Kisha ukaja Muungano Mtakatifu wa Taifa, Desemba 2020, na mipaka ikahama tena. Katika Tanganyika, gavana Zoé Kabila, mdogo wake rais wa zamani, aliangushwa na wabunge Mei 2021. Katika Haut-Katanga, Jacques Kyabula, aliyechaguliwa 2019 akiwa upande wa FCC, aliingia katika Muungano na akabaki kwenye kiti. Mwaka 2024 alichaguliwa tena. Katika Kivu ya Kusini, Théo Ngwabidje aliangushwa mwishoni mwa 2021, kisha akarudishwa na Mahakama ya Katiba.

Katika mivutano kama hiyo, anayelipa ni raia. Gavana akiangushwa, serikali yote ya jimbo inaanguka naye, na miradi inamngoja mrithi. Na hapo ndipo suala la pesa linaingia. Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Kwa miaka mingi majimbo yamelalamika kwamba yanapokea sehemu ndogo tu ya haki hiyo. Hakuna chama chochote cha jimbo kinachofaidika pesa zikibaki Kinshasa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano wa ushirikiano upo, tena karibu. Tangu Mei 6, 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zinaongozwa na wanajeshi chini ya hali ya kuzingirwa, na mabunge ya majimbo hayo mawili yamesimamishwa. Wabunge wa taifa kutoka huko, wa upande wa serikali na wa upinzani, walipaza sauti kwa pamoja kuipinga namna ilivyokuwa ikirefushwa kila siku 15. Agosti 2023, Kinshasa iliitisha meza ya mazungumzo, na wengi wa washiriki waliomba hali hiyo iondolewe. Oktoba mwaka huo, rais alitangaza kuilegeza hatua kwa hatua. Mabunge ya majimbo hayakufunguliwa, lakini hakuna mbunge aliyelazimika kurudisha kadi yake ya chama ili kusema ukweli huo.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Ushirikiano wa kweli unafanyika mchana, juu ya jambo lililoandikwa: edikti, bajeti, daraja, shule. Kura iliyonunuliwa inapigwa kwa siri, na anayeipiga hana la kuwaeleza waliomchagua.

Tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, suala hilo limekuwa zito zaidi. Mama aliyekimbia na watoto na godoro kichwani haulizwi alimpigia nani kura. Naye, siku atakapokutana tena na mbunge wake, hatamuuliza kama alikuwa mtiifu kwa chama. Atamuuliza alifanya nini, na alifanya pamoja na nani.