TANGI LA SAMAKI LISILOTOBOLEWA: SOMA HII KABLA HUJANUNUA PAMPU

Leo ni zamu ya wale wa samaki wa urembo. Unakuta mtu ana tangi lake la kioo sebuleni, samaki wamo, halafu anataka kuweka tangi la pili chini kwenye kabati ili mambo yote ya kuchuja maji yahamie huko. Wazo zuri sana. Maji yanakuwa mengi zaidi, yale mafuta mafuta ya juu yanaondoka, na hita haionekani tena. Kasheshe ni moja tu: tangi la juu halina tundu. Sasa maji yatashukaje?

Kama tangi bado ni tupu na kioo ni cha kawaida, mi nakushauri mwite fundi vioo atoboe, umalize. Ila kama ni kioo cha tempa, kile kilichokomazwa kwa joto, usithubutu, kinasambaratika chote papo hapo. Na kama samaki wameshazoea humo, nani ataanza kuwahamisha? Hapo ndo kinaingia kisanduku cha kuning'iniza ukingoni.

Chenyewe kiko hivi. Kisanduku kimoja kinakaa ndani ya tangi, kina meno kama kitana, maji ya juu yanaingilia hapo. Kingine kinaning'inia nje, nyuma ya kioo. Kati yao kuna mrija uliopinda kama herufi U iliyogeuzwa, unaruka ukingo. Hiyo ni sifoni, mambo yale yale ya kunyonya petroli kwenye dumu kwa mpira. Ukishaujaza maji unavuta wenyewe. Kutoka kisanduku cha nje maji yanashuka kwa bomba mpaka tangi la chini, na pampu inayarudisha juu.

Watu wote wanauliza pampu ya lita ngapi. Wewe anza na swali jingine: sifoni ikikata pampu ikiwa bado inasukuma, maji yataenda wapi? Maana pampu haijui kwamba njia ya kushukia imekufa. Unarudi jioni zulia linaelea, na ekstensheni ya umeme iko hapo hapo sakafuni. Hapo si habari ya samaki tena, mtu anaweza kufa!!

Kinachokata sifoni ni hewa. Maji yakipita polepole, viputo vinajikusanya juu kwenye kona ya mrija, kidogo kidogo, mpaka siku moja unakata. Ndo maana mirija miwili si lazima iwe salama kuliko mmoja. Maji yale yale yakigawanywa mara mbili, kila mrija unakwenda taratibu na viputo vinabaki. Pampu ndogo mno nayo ni tatizo kwa sababu hiyo hiyo. Kubwa mno ndo balaa, inashinda uwezo wa kisanduku na maji yanapanda hata kama hakuna kilichoharibika.

Tuchukue tangi la sentimeta 120 kwa 45 kwa 50. Hilo ni lita 270. Kwa samaki wa maji baridi, kuzungusha maji yote mara 3 mpaka 5 kwa saa kunatosha kabisa, tuseme lita 1,300 kwa saa. Mrija wa inchi moja kwa kawaida unahesabiwa kubeba galoni 600 za Marekani kwa saa, yaani kama lita 2,270, kwa hiyo una nafasi ya kutosha.

Sasa usikimbilie kununua pampu iliyoandikwa 1,300! Namba ile ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Angalia na ile ya kimo cha mwisho. Pampu ya lita 2,500 yenye kimo cha mita 2.5, ukiipandishia maji mita 1.2 inakupa kama nusu tu, na kila kona ya bomba inakata tena kidogo. Pima mwenyewe. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 30, hizo ni lita 1,200 kwa saa. Ikizidi, weka koki upande wa pampu uipunguze. Bomba la kushusha usiliwekee koki. Na ukiletewa pampu kutoka Marekani soma volti kwanza, ya 120 ukiichomeka kwenye soketi zetu za 230 umeiua.

Haya, hesabu inayookoa nyumba. Kwenye tangi letu kila sentimeta moja ya kina ni lita 5.4. Ukiacha sentimeta 4 kutoka ukingoni, una nafasi ya lita 21.6. Basi chumba cha pampu kule chini kisiwe na maji ya kusukumwa kuzidi hapo. Chumba cha sentimeta 30 kwa 20, maji yakiwa sentimeta 25 juu ya mdomo wa pampu, ni lita 15. Sifoni ikifa, zote 15 zinaingia juu na hazimwagiki. Pampu itabaki kavu na inaweza kuungua, sawa, lakini heri pampu.

Upande wa pili ni umeme kukatika, na wabongo tulioona mgao wa 2006, 2011 na 2023 hatuhitaji kuelezwa. Pampu ikizima, maji ya juu yanashuka mpaka usawa wa meno. Yakishuka sentimeta 2 ni karibu lita 11, ongeza ya kwenye mabomba, acha nafasi ya lita 15 tupu chini. Na lile bomba la kurudisha nalo linageuka sifoni! Mdomo wake uwe karibu na uso wa maji, au litoboe katundu kadogo chini kidogo ya usawa wa maji ili livute hewa. Kasafishe mara kwa mara, ukoga unakaziba. Valvu za kuzuia maji kurudi mi siziamini, uchafu kidogo tu hazifungi.

Kisanduku kizuri kinabaki na maji pande zote mbili umeme ukikatika, hivyo ukirudi kinaanza chenyewe. Usimwamini muuzaji, jaribu. Zima na kuwasha swichi ya ukutani kama mara tano. Halafu ung'oe mrija makusudi pampu ikiwa inafanya kazi, simama hapo na dekio, uangalie maji yanaishia wapi. Waya wa pampu nao uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande, matone yasifuate waya mpaka kwenye umeme.

Mwenye tangi la vipimo vingine aweke urefu, upana na kimo hapo chini, tupige hesabu pamoja.