Je, Wajua? Maziwa Yaliyochimbwa na Barafu Pale Ikweta

Sogea kidogo kwenye benchi, ndugu yangu, nami nipate pa kukaa. Ukisimama hapa sokoni Birongo ukatazama linakochomoza jua, mbele yako kuna barafu. Huioni, lakini ipo! Ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 280 tu, juu kabisa ya Mlima Kenya, na chini yake kuna maziwa ambayo mtu akiyaona hayasahau.

Je, wajua kwamba barafu ya kudumu imebaki kwenye milima mitatu tu Afrika nzima? Mlima Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori. Yote mitatu iko huku kwetu Afrika Mashariki, jirani na ikweta. Bara zima, ndugu yangu, na sisi ndio wenye barafu!

Je, wajua ni nani aliyechimba maziwa ya Mlima Kenya? Barafu yenyewe! Enzi za baridi kali ilishuka mpaka karibu mita 3,300, ikauparua mwamba kama jembe linavyoparua shamba. Ilipoyeyuka iliacha mashimo, mashimo yakajaa maji, na leo kuna maziwa na vidimbwi zaidi ya 20 kule juu: Michaelson, Höhnel, Ellis, Simba, Hall, Harris, na mengine ambayo wapita njia hawayajui hata kwa jina.

Hebu tukae kidogo na hilo la Michaelson. Liko karibu mita 3,950 kutoka usawa wa bahari, upande wa Chogoria, kwenye bonde liitwalo Gorges. Juu yake umesimama ukuta wa mwamba wa mita 300 hivi. Jengo la KICC pale Nairobi lina mita 105, kwa hiyo chukua KICC tatu, zipange moja juu ya nyingine, kisha simama juu ya ile ya tatu uchungulie chini. Hivyo ndivyo mgeni anavyoliona ziwa hilo mara ya kwanza, na mwongozaji wake humshika mkono asisogee ukingoni.

Umewahi kuona picha ya ziwa la milimani lenye maji ya kijani kibichi au samawati, ukadhani mpiga picha ametia rangi? Hakutia! Umeshafika Tabaka ukaona fundi akikwangua jiwe la sabuni? Ule unga mweupe unaoruka ukiutia majini hauzami upesi, unaelea. Barafu nayo, ikisaga mwamba, hutoa unga laini kuliko huo, unga unaelea ziwani, mwanga wa jua unaugonga na kurudi machoni mwako ukiwa na rangi hiyo. Barafu ni fundi wa mawe, na kazi yake ilianza kabla hatujazaliwa sisi na mababu zetu wote.

Na kupika je? Kule mita 4,800 maji hutokota yakifika nyuzi 84 tu, si 100 kama pwani. Sufuria inachemka kwa kelele zote, lakini maharagwe yanabaki magumu kama changarawe. Ndiyo maana mwenye kupanda na maharagwe mabichi hulala njaa!

Je, wajua kwamba huko usiku ni baridi ya kugandisha na mchana ni jua la kuunguza, kila siku, mwaka mzima? Mimea imejifunza. Kuna lobelia inayobeba maji katikati ya majani yake kama bakuli. Usiku maji hayo huganda juu, lakini chini ya ganda lile la barafu chipukizi limelala salama. Kuna na mti wa ajabu, jamaa wa mimea midogo ya bustanini, ambao huko hufika mita 6 na kukunja majani yake usiku kama mtu anayejifunika blanketi.

Yule mnyama mdogo mnene anayekuja kuomba makombo kambini ni pimbi. Mtazame vizuri, mkubwa kama sungura, mviringo, masikio mafupi. Ndugu zake wa damu walio karibu zaidi ni tembo na nguva! Sikutanii.

Je, wajua kwamba mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Ukambani, akaandika kwamba una theluji, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini? Theluji ikweta? Haiwezekani, walisema. Waliokaa chini ya mlima ule walikuwa wakiitazama kila asubuhi.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita pale Nanyuki walitoroka kambini. Walikuwa wakikimbilia wapi? Kwao? La, mlimani! Felice Benuzzi na wenzake wawili walijitengenezea zana za kukanyagia barafu kwa vyuma vya kuokoteza, na picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa ile iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Halafu, shika benchi ndugu yangu, wakashuka na kurudi kambini kwa miguu yao wenyewe! Wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia 7.

Bendera yetu nayo ilipandishwa pale pale Lenana. Uhuru ulipoingia, Desemba 1963, Kisoi Munyao ndiye aliyekuwa juu kule kwenye baridi akiisimika, huku wengine wakishangilia Nairobi. Na majina ya vilele, Batian, Nelion na Lenana, yametokana na laiboni wa Kimaasai Mbatian na jamaa zake.

Wataka kwenda? Njia ya kupandia Chogoria na kushukia Sirimon huchukua siku nne au tano, na neno utakalolisikia zaidi kinywani mwa mwongozaji ni "pole pole". Mtii. Juu ya mita 4,000 hewa ni nyepesi, na kijana mwenye mbio huumwa kichwa kabla ya mzee mwenye fimbo. Asiyeweza kupanda sana aanze na Ziwa Ellis, maana gari imara humsogeza karibu.

Lakini nenda upesi. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Jirani yake, barafu ya Gregory, haipo tena. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema barafu ya Afrika Mashariki inaweza kwisha miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya kutangulia kwa miaka kumi hivi. Moyo wangu huuma nikisoma hayo. Mtoto anayeanza gredi ya kwanza leo hapa Birongo huenda akamaliza shule barafu ikiwa hadithi.

Bado moja. Maji ya Michaelson huingia mto Nithi, kisha Tana, kisha Bahari ya Hindi. Maji ya barafu ya Lewis, ng'ambo tu ya kilele, hushukia Naro Moru na Ewaso Ng'iro, nayo huishia kinamasi cha Lorian, hayaoni bahari. Na tone la mvua lililodondoka kwenye bati la soko letu asubuhi hii? Hilo linashuka Ziwa Victoria, linaingia mto Nile, linafika Ziwa Albert. Mto Semliki nao huingia ziwa hilo hilo, umebeba maji ya barafu ya Rwenzori. Mvua ya Birongo na barafu ya Rwenzori hukutana pale, ndugu yangu, na kutoka hapo husafiri pamoja mpaka Misri!