Je, Wajua? Namba ya Siri Isiyopita Kwenye Kompyuta

Je, wajua kwamba kuna visomaji vya kadi vinavyoinyima kompyuta namba yako ya siri? Namba inayoandikwa kwenye kibodi ya kawaida huweza kunaswa na programu hasidi inayorekodi kila kitufe unachobonyeza. Kisomaji chenye vitufe vyake huipeleka moja kwa moja kwenye chipu ya kadi.

Je, wajua yanayopita ndani? Kompyuta hutuma amri yenye nafasi wazi. Kisomaji hujaza tarakimu ulizobonyeza, huikabidhi kadi, kisha huirudishia kompyuta jibu tu. Jibu 9000 maana yake namba ni sahihi. Jibu 63C2 maana yake umekosea na umebakiwa na majaribio mawili.

Je, wajua kwamba anayehakiki namba ni chipu yenyewe? Kadi nyingi hujifunga ukikosea mara tatu mfululizo. Laini ya simu nayo ni kadi ya jamii hii, ndiyo maana ukikosea namba yake mara tatu hujifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungua.

Je, wajua kwamba Ujerumani huvipanga visomaji vya kadi kwa madaraja? Kisomaji cha daraja la 1 hakina vitufe, cha daraja la 2 kinavyo, na cha daraja la 3 kina vitufe pamoja na skrini. Mwaka 2010, nchi hiyo ikijiandaa kutoa kitambulisho kipya chenye chipu, wataalamu wa chama cha wadukuzi cha Chaos Computer Club walionyesha jinsi namba ya siri inavyoweza kuibwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa, pale kisomaji kinapokosa vitufe.

Je, wajua kwamba kitambulisho cha Estonia, kilichoanza kutolewa mwaka 2002, kina namba mbili za siri? PIN1 ni ya kujitambulisha mtandaoni. PIN2 ni ya kutia sahihi. Anayeijua ya kwanza pekee hawezi kusaini mkataba kwa jina lako.

Je, wajua kwamba kununua kisomaji chenye vitufe hakutoshi? Programu isiyoandaliwa kuvitumia itakufungulia kidirisha uandike namba kwa kibodi ileile ya kompyuta. Ukikiona, usiandike; rekebisha mipangilio kwanza. Na kazi ikiisha, chomoa kadi: vitufe hulinda namba, lakini kadi iliyokwisha kufunguliwa na kuachwa ndani ya kisomaji bado inaweza kutumiwa na programu hasidi.