Nati Yenye Ufunguo Haizuii Tairi Kuchomoka

Msomaji mwenye lori la kubebea mbao ametuandikia. Baada ya kuibiwa matairi mawili usiku, alinunua nati zenye ufunguo wake maalumu, akafunga moja kwa kila tairi. Wiki chache baadaye utingo wake alikuta nati za tairi la nyuma kushoto zinazunguka kwa vidole, na ile yenye ufunguo ikiwemo. Anauliza: nati ya kufuli inalegeaje?

Jina ndilo lililomponza. Gereji nyingi zikisema "loknati" humaanisha ile yenye pete ya nailoni ndani, inayong'ang'ania uzi wa bolti. Hii ya msomaji wetu ina kichwa cha mviringo kisicho na pembe za kushika spana, kimechongwa mawimbi ambayo ufunguo mmoja tu huyaingia. Ya kwanza inapambana na mtikisiko, ya pili na mwizi. Hii ya pili inahitaji jina lake. "Nati siri" haifai, kwani kila mwizi anaiona. Napendekeza "nati fumbo", mpaka Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liseme vingine.

Tuje kwenye kulegea. Tairi la lori halining'inii kwenye stadi, zile bolti zinazotokeza kwenye habu. Kwenye gurudumu la stadi 10 za milimita 22, kila nati hukazwa kwa takribani niutonimita 600. Kama asilimia 90 ya nguvu hiyo huishia kwenye msuguano. Inayobaki huivuta stadi irefuke kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Urefu huo mdogo ndio wenye kazi: stadi inataka kurudi ilivyokuwa, hivyo inaibana rimu kwenye habu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 10. Mzigo na breki hubebwa na msuguano wa nyuso hizo mbili.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kinachoishinda nati: si mtikisiko unaofuata urefu wa bolti, bali ule unaoikata kwa ubavu. Vitu vilivyobanwa vikiteleza kulia na kushoto, nati hujifungua yenyewe.

Tegesha ubao kwenye bodi ya lori, uweke kreti la soda katikati yake. Halishuki, maana msuguano unalishika. Sasa lisukume pembeni, kulia na kushoto. Kila ukilisukuma linateremka kidogo, ingawa hujalivuta chini. Msuguano hupinga mwendo uliopo tu. Ukishautuma wote upande wa pembeni, kwenye mteremko hakuna aliyebaki zamu. Uzi wa nati ni ubao huohuo uliozungushwa kwenye stadi, ukishuka milimita moja na nusu kwa kila duru. Rimu ikicheza hata kidogo, kila mzunguko wa tairi ni msukumo, na kreti linateremka. Lakini mtu mnene akilikalia kreti lile, hulisogezi pembeni kwa mkono. Mtu huyo ndiye mkazo wa stadi. Akiinuka, hata kreti likiwa na kufuli la dhahabu litateremka.

Anainuliwa na nini? Kutu, tope na rangi kati ya rimu na habu. Vikisagika, sehemu ile ya kumi ya milimita inapotea, na mkazo unaondoka nayo.

Na kwa nini tairi la nyuma kushoto? Malori mengi ya zamani ya Japani, tunayoyaona barabarani kwetu, yana uzi wa kushoto, yaani unaokazwa kwa kuzungusha kushoto, kwa matairi ya kushoto. Tazama ncha ya stadi, utakuta herufi L. Kuanzia 2010 malori mapya makubwa ya huko yalihamia uzi wa kulia pande zote. Matairi yanayochomoka huko mengi ni ya nyuma kushoto, na huongezeka majira ya baridi, baada ya watu kubadilisha matairi na kuweka ya theluji. Wapo wanaolaumu uzi huo wa kulia. Mimi nalaumu kazi iliyofanyika siku ya kubadilisha.

Basi piga brashi ya waya habu na rimu, kaza nati kwa kukingamisha, malizia kwa spana ya kupimia, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Vishale vya njano vya plastiki vinavyovalishwa nati vitakuonyesha nati iliyozunguka, si stadi iliyopoteza mkazo huku nati imetulia. Na ule ufunguo wa nati fumbo usifungiwe nyumbani kwa tajiri. Ukae na dereva, kwa kuwa utingo asiyekuwa nao atakaza nati tisa na kuiruka ya kumi.