Mtoto Achokaye Kunyonya

Twataka kusema nanyi habari za watoto wazaliwao na kasoro ya moyo, maana katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa.

Katika nyumba moja tuliyokuwa tukiizuru alizaliwa mtoto aliyenyonya kidogo tu, kisha akaliacha ziwa, akitweta na kutokwa na jasho kichwani. Alipolia, midomo yake na kucha ziligeuka rangi ya zambarau. Majirani walinong'ona kwamba mama amevunja mwiko. Wengine walitaja kijicho. Sisi tuliomba pamoja naye, tukaenda zetu bila kuwakanya wale wasemaji. Mtoto akafa kabla hajapelekwa hospitali.

Basi jueni ya kuwa moyo una vyumba vinne, nao huumbika kabla mimba haijatimiza miezi miwili, wakati ambapo mama pengine hajajitambua. Katika watoto 100 wazaliwao, kama mmoja huwa na kasoro ya moyo. Na kwa walio wengi madaktari hawaoni sababu yo yote. Kwa wengine kuna tundu baina ya vyumba viwili vya chini, na njia iendayo mapafuni ni nyembamba. Damu isiyopata hewa hupita tunduni ikaenea mwilini, ndipo midomo ibadilikapo. Mtoto wa namna hiyo akikua hukimbia kidogo, kisha huchuchumaa apate pumzi. Walimu, msimwite mvivu.

Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Marekani, Daktari Alfred Blalock, kwa shauri la Daktari Helen Taussig, alimpasua mtoto wa miezi 15 mwenye ugonjwa huo, akauunga mshipa uendao mkononi na ule wa mapafu. Nyuma yake, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza: mtu mweusi, seremala wa zamani, asiyesomea udaktari, maana ndiye aliyeijaribu kazi ile kwanza kwa mbwa. Mtoto yule alipata nafuu, akafa baada ya miezi michache. Lakini wengi waliofuata walikua. Leo watoto hupasuliwa moyo hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015.

Tulirudi kwa mama yule tukamweleza haya. Alikaa kimya kitambo, kisha akatuomba tuyaseme tena, mama mkwe wake akiwapo.