Nyuma ya Duka la Mtandaoni: Nani Anaitunza Programu Inayopokea Pesa Yako?

Mlaji anapoingia katika duka la kawaida huona mengi kabla ya kutoa pesa: mlango, rafu, muuzaji mwenyewe, na hata majirani wanaoweza kuulizwa habari zake. Katika duka la mtandaoni haoni ila picha za bidhaa na kitufe cha kulipia. Nyuma ya kitufe hicho ipo programu ya kompyuta, na usalama wa pesa na taarifa za mlaji hutegemea sana namna programu hiyo inavyotunzwa. Katika makala haya tunaeleza programu hizo hutoka wapi, nani huzitunza, na mlaji afanye nini ili kujikinga.

Programu hizo hutoka wapi

Wenye maduka wengi hawaandiki programu zao wenyewe. Hutumia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha. Miongoni mwazo ni osCommerce, iliyoanzia Ujerumani mwaka 2000; Magento, iliyotolewa Marekani mwaka 2008; na WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na kampuni ya WooThemes, iliyokuwa na makao yake Cape Town, Afrika Kusini.

Programu za namna hii hukuzwa na jumuiya ya wasanidi walioenea katika nchi nyingi. Baadhi yao huajiriwa, wengine hujitolea. Mmoja huandika sehemu mpya, mwingine huipitia kabla haijakubaliwa, wa tatu huijaribu, na wa nne huitafsiri. Kasoro ya usalama inapogunduliwa, desturi njema ni kwamba mgunduzi huwajulisha watunzaji kwa siri kwanza. Nao huandaa kiraka cha kuiziba, ndipo habari itangazwe kwa wote. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2021, ilipogunduliwa kasoro kubwa katika WooCommerce: watunzaji waliandaa viraka kwa ajili ya matoleo zaidi ya 90 ya programu hiyo.

Hatari huanzia wapi

Kiraka kilichotolewa hakimfai mlaji mpaka mwenye duka akiweke. Tena, siku kinapotangazwa, wadukuzi nao hukisoma na kutambua tundu lilikuwa wapi. Kwa hiyo duka lisilosasishwa huwa katika hatari kubwa zaidi baada ya tangazo kuliko kabla yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara hii, ukuta huo mara nyingi hujengwa kwa pesa ya mteja.

Mfano wa Magento unaonyesha jambo hili waziwazi. Toleo lake la pili lilipotoka mwaka 2015, halikuwa sasisho dogo: mwenye duka alilazimika kulijenga upya duka lake karibu lote, kwa gharama kubwa. Wengi walibaki katika toleo la kwanza. Kampuni ya Adobe, iliyoinunua Magento mwaka 2018, ilikoma kulihudumia toleo hilo tarehe 30 Juni 2020. Mnamo Septemba mwaka huohuo, takriban maduka 2,000 yalidukuliwa katika muda wa siku chache, na mengi yake yalikuwa yakitumia toleo hilo la kwanza.

Ikumbukwe kwamba wenye maduka hawakuachwa bila msaada. Jumuiya ya wasanidi iitwayo OpenMage iliendelea kulitengenezea viraka toleo la kwanza. Njia salama zilikuwa mbili: kuhamia toleo jipya, au kufuata matengenezo ya jumuiya hiyo. Njia ya tatu, ya kukaa bila kufanya lolote, ndiyo iliyokuwa na hatari.

Katika wizi wa aina hii, mdukuzi hupachika mistari michache ya msimbo katika ukurasa wa malipo. Mlaji anapoandika namba ya kadi, nakala yake hupelekwa kwa mwizi papo hapo. Oda hukamilika kama kawaida na bidhaa hufika. Si mnunuzi wala muuzaji anayeshuku, mpaka pesa zianze kupungua katika akaunti.

Nani anawajibika

Leseni za programu huria kwa kawaida hueleza kwamba programu hutolewa bila dhamana. Kwa hiyo mlaji asitegemee kuwadai wasanidi. Aliyepokea oda na malipo ni muuzaji, naye ndiye wa kuulizwa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania zinawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Muuzaji hawezi kujitetea kwamba programu aliipata bure.

Ushauri wetu kwa mlaji

1. Alama ya kufuli katika kivinjari inaonyesha kwamba njia kati ya simu yako na duka imefungwa. Haithibitishi kwamba duka lenyewe ni salama au ni la mtu mwaminifu.

2. Ukilipa kwa simu, namba ya siri iandikwe katika ombi la malipo linalotokea kwenye simu yako tu. Usiiandike kamwe katika fomu ya duka.

3. Ukilipa kwa kadi, usiiruhusu tovuti kuihifadhi. Ikiwezekana, tumia kadi au akaunti ya pembeni yenye kiasi kidogo cha pesa.

4. Ukurasa wa malipo ukikuomba taarifa zilezile mara mbili, au ukikupeleka kwenye anwani usiyoitambua, acha malipo hayo.

5. Muulize muuzaji: nani anaitunza programu ya duka lako, na ilisasishwa lini mara ya mwisho? Muuzaji makini atakuwa na jibu.

6. Washa ujumbe wa taarifa za miamala, na uusome kila unapoingia. Ukiona muamala usioufahamu, iarifu benki mara moja ili kadi ifungwe, kisha mjulishe muuzaji kwa maandishi.

7. Hifadhi risiti, namba ya oda na picha ya ukurasa wa malipo. Malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa wepesi zaidi.

Programu huria zimewawezesha wafanyabiashara wadogo kufungua maduka ambayo zamani yangewashinda kwa gharama. Hatumshauri mlaji aziogope. Tunamshauri anunue kwa wale wanaozitunza, na asione haya kuuliza kabla ya kulipa.